Kioo Kisichofutwa

Nyumba yetu iko Mabela, mtaa wa nyumba mpya huku Uarabuni. Nyumba ni mpya, lakini vumbi ni lilelile la zamani. Unafagia asubuhi, mchana limerudi. Mke wangu, Nasriya, husema vumbi la Mabela lina ufunguo wa mlango wetu.

Mimi naitwa Amur. Nilifanya kazi posta miaka thelathini, kisha nikastaafu. Hadithi hii naiandika kwa sababu ya mtu mmoja niliyemkosea. Jina lake Dativa. Nimeiandika kwa maneno mepesi ili asomaye asirudie kosa langu.

Mtu aliyestaafu ana taabu moja: hana anayemngojea. Asubuhi nilikuwa nakunywa kahawa. Nasoma habari kwenye simu. Naingia jikoni, Nasriya ananifukuza. Basi siku watu wa kituo cha utafiti wa hewa walipokuja kuomba paa letu, nilikubali hata kabla hawajamaliza kusema.

Walitaka paa tambarare, mahali pasipo na jengo refu la kuziba jua. Wakaweka juu kisanduku cheupe, kikubwa kama friji ndogo iliyolazwa. Kisanduku kina kifuniko. Ukikifungua unaona kioo kidogo cha rangi ya dhahabu. Kioo hicho hugeuka chenyewe, polepole, kulifuata jua. Mwanga wa jua unapiga kioo na kuingia ndani ya kisanduku. Huko ndani mwanga unapimwa, na kompyuta inaandika namba, za kulinganishwa na zile za satelaiti ipitayo juu.

Kazi yangu ilikuwa nyepesi. Siku za anga safi nafungua kifuniko kabla ya saa sita mchana. Saa tisa na nusu nafunga. Bakhita, fundi wa kituo, alinifundisha kwa siku mbili. Bakhita ni binti wa makamo ya mwanangu, na Kiswahili chake ni kama chetu, cha watu waliotoka Unguja.

"Ami Amur," aliniambia, "kioo hiki hakiguswi. Hakifutwi kwa kitambaa, wala karatasi, wala kidole. Hiyo dhahabu ni utando mwembamba mno. Ukiona vumbi, chukua kipira hiki, upulize hewa tu. Vumbi likikataa kutoka, nipigie simu."

"Nimefahamu, mwanangu."

"Na kila mtu wa nyumbani aambiwe."

"Wataambiwa."

Sikumwambia mtu. Wala sikusahau, afadhali ningesahau. Niliona raha kuwa mimi peke yangu ndiye ninayejua. Majirani walianza kuniita Bwana Satelaiti. Nilikuwa nakunja uso kama sipendi, kumbe napenda.

Dativa alikuwa mfanyakazi wetu wa ndani. Kwao ni Bukoba, Tanzania. Huo ulikuwa mwaka wake wa pili kwetu. Alikuwa na mtoto wa kike darasa la sita, aliyebaki kwa bibi yake, na masomo ya yule mtoto yalitegemea kazi ya mama yake. Kila siku Dativa alipanda juu kufagia paa na kuanika nguo. Nguo upande huu, kisanduku upande ule.

Siku moja alinikuta napuliza vumbi kwenye kioo. Akaweka beseni chini.

"Baba, samahani. Hicho kioo kinafanya kazi gani?"

"Kinapima hewa."

"Hewa inapimwaje, Baba? Si haishikiki?"

Lilikuwa swali zuri. Leo naona hivyo. Siku ile niliona ananipotezea wakati.

"Hayo hayakuhusu, Dativa. Wewe anika nguo."

"Sawa, Baba."

Akachukua beseni lake. Hakuuliza tena.

Ikafika Jumatano moja ya mwezi wa Februari. Saa nane mchana Bakhita akanipigia simu.

"Ami, kesho tunakuja kwenu. Mimi, mkubwa wangu Bwana Hamood, na wageni wawili wanaoshughulika na satelaiti. Kesho saa saba na nusu mchana itapita juu ya Mabela, na anga litakuwa safi. Tutalinganisha namba zake na namba za kisanduku chako."

"Karibuni sana!"

Nilishuka ngazi mbiombio kama kijana. Nasriya aliposikia, alishika kiuno.

"Wageni kesho, na mimi nnaambiwa leo! Nenda kanunue halwa. Na udi umekwisha. Dativa! Dativa, mwanangu, safisha madirisha yote. Vioo vyote ving'are, na huko juu pia, maana ndiko watakakokwenda. Mgeni akikuta vumbi atasema nyumba hii haina mwanamke."

Nilimsikia akisema "vioo vyote, na huko juu pia." Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili. Lakini akili yangu ilikuwa kwenye halwa, na nilitoka bila kufunga kifuniko cha kisanduku.

Dativa alipanda juu na chupa ya siki na magazeti makuukuu. Nyumbani kwetu kila mtu anajua: siki na gazeti hufanya kioo king'are kuliko sabuni yoyote. Nasriya mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Alikuta kifuniko kiko wazi na kioo kina vumbi. Baadaye alituambia alichofikiri. Alifikiri: wageni wanakuja kukitazama hiki hasa, itakuwa aibu kwa Baba. Akakisugua vizuri. Kisha akafunga kifuniko.

Nami niliporudi nikakuta kimefungwa. Nikadhani nimekifunga mwenyewe.

Alhamisi wageni wakaja. Nasriya aliwapa halwa na kahawa, nyumba nzima inanukia udi. Saa saba tukapanda juu. Anga lilikuwa safi, hakuna wingu hata la dawa. Siku hiyo kifuniko nilikuwa nimekiacha makusudi mpaka wafike, nikakifungua kwa mbwembwe. Bakhita akakaa mbele ya kompyuta.

Akabonyeza hapa na pale. Akakunja uso.

"Mwanga unaoingia ni hafifu," alisema. "Na namba zinayumba. Jana saa saba zilikuwa nzuri."

Akapiga magoti, akatazama ndani kwa tochi ndogo. Alipoinua kichwa alikuwa na huzuni.

"Ami, kioo kimefutwa. Kina mikwaruzo. Na hapa pembeni dhahabu imetoka."

Damu ilinipanda kichwani. Wageni wananitazama, Bwana Hamood ananitazama. Nikapaza sauti kuelekea ngazini.

"Dativa!"

Alipanda na sinia la vikombe vya kahawa.

"Nani kagusa kioo hiki?"

"Mimi, Baba. Jana nilikisafisha."

Alisema hivyo akitabasamu. Alidhani nimemwita nimshukuru. Kila nikikumbuka tabasamu lile, natamani ardhi ipasuke.

"Umekisafisha? Umekiharibu! Mjinga wewe! Nani kakutuma? Kesho nnakurudisha maktab!"

Maktab ni ile ofisi inayoleta wafanyakazi wa nyumbani. Kurudishwa huko ni kama nguo iliyorudishwa dukani. Watu watauliza, ina kasoro gani? Pengine utapata nyumba nyingine, pengine utapakiwa kwenye ndege urudi kwenu mikono mitupu. Dativa alilijua hilo, na mimi nililijua nilipokuwa nikilitamka.

Alilishika sinia kwa mikono miwili. Hakuna kilichoanguka.

"Samahani, Baba. Sikujua."

Bakhita akageuka kwangu.

"Ami, uliwaambia watu wa nyumbani?"

Nasriya alikuwa amesimama kwenye mlango wa ngazi. Akajibu yeye.

"Mimi sikuambiwa kitu. Tena mimi ndiye niliyemtuma asafishe vioo. Kama adhabu ya kosa hili ni kurudishwa, basi na mimi nirudishwe kwa wazee wangu."

Bwana Hamood akakohoa na kutazama pembeni. Wageni wale hawakujua Kiswahili, lakini nadhani walifahamu.

Bakhita alimpokea Dativa sinia, akaliweka chini.

"Njoo, dada. Satelaiti inapita sasa hivi. Tazama juu."

Dativa alitazama, mkono juu ya macho.

"Sioni kitu."

"Huwezi kuiona. Iko mbali, kama kilomita mia saba kutoka hapa. Ni chombo kinachoizunguka dunia, hakina mtu ndani. Kina kitu kama jicho, cha kupimia mwanga."

"Kinapima mwanga au hewa?"

"Kinapima mwanga ili tuijue hewa. Umewahi kuona upinde wa mvua?"

"Kwetu Bukoba? Mvua haikauki, nimeuona mara nyingi sana."

"Basi zile ni rangi zilizomo ndani ya mwanga wa jua. Zipo na nyingine ambazo macho yetu hayazioni. Sasa, hewani mna gesi ya kaboni dioksidi. Wengine huiita hewa ukaa. Gesi hii humeza baadhi ya zile rangi tusizoziona. Mwanga unatoka juani, unashuka kupitia hewani, unapiga ardhi, kisha unapanda tena mpaka kwenye satelaiti. Satelaiti inatazama: rangi ipi imepungua, na kwa kiasi gani. Ikipungua sana, gesi ni nyingi."

Dativa alifikiri kidogo.

"Kama sukari jikoni. Aliyechota sijamwona, lakini nikitazama kopo najua imechotwa, na najua kiasi gani."

Bakhita akacheka. "Hasa! Nimefundisha wanafunzi miaka sita, sikuwahi kupata mfano huo."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na tangi la maji kama mtu asiye na kazi.

"Na hiyo gesi ni moshi?" Dativa aliuliza.

"Hapana. Moshi unauona. Hii haina rangi wala harufu. Sehemu kubwa ya ile inayozidi hutoka tunapochoma mafuta, gesi na makaa ya mawe, kwenye magari, viwanda na mitambo ya umeme. Siku hizi, ukichukua chembe milioni moja za hewa, kama mia nne na ishirini na tano ni za gesi hii. Zamani, kabla ya viwanda, zilikuwa kama mia mbili na themanini."

"Mia nne katika milioni?" Nasriya alidakia. "Mbona kidogo hivyo?"

"Ni kidogo, Bi Nasriya, lakini inafanya kazi ya blanketi. Joto la ardhi linataka kutoka kwenda juu, yenyewe inalizuia. Blanketi likizidi uzito, dunia inazidi joto. Na gesi hii ikishaingia hewani, sehemu yake hukaa mamia ya miaka."

"Na jiko letu hapa linaonekana kutoka huko juu?" Dativa aliuliza tena.

"Haliwezi kuonekana. Nyumba moja ni ndogo mno. Lakini mji mkubwa au mtambo mkubwa wa umeme huweza kuonekana. Satelaiti inapita baharini, jangwani na misituni, mahali ambapo hatuna vifaa. Inatusaidia kujua gesi inatoka wapi, na wapi miti na bahari vinaimeza. Ila nayo hukosea. Mawingu yakiziba, haipimi. Vumbi likiwa jingi, inachanganyikiwa. Na mchanga wetu unang'aa sana. Ndiyo maana tukaweka kisanduku hiki. Kioo chake kinalitazama jua moja kwa moja, kupitia hewa ileile. Namba za chini zikikubaliana na za juu, tunaiamini satelaiti. Zisipokubaliana, tunatafuta kosa."

"Na leo?"

Bakhita alitazama saa yake.

"Leo imeshapita. Itarudi njia hii baada ya siku kumi na sita."

"Basi siku hiyo mtapima hewa ya leo."

"Hewa ya leo haipimwi tena, dada. Imekwenda na upepo."

Dativa aliziba mdomo kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani.

"Jamani! Nimewaharibia kazi."

"Hukuharibu wewe," alisema Bakhita. Hakunitazama. Hakuhitaji kunitazama.

Bwana Hamood aliamua hapohapo. Kitaletwa kioo kipya, na tutapewa miezi mitatu ya majaribio. Namba zikiwa nzuri kifaa kitabaki, zikiwa mbaya kitahamishiwa kwingine. "Lakini, Bwana Amur," alisema kwa upole, "ujuzi wa kifaa hiki usikae kwenye kichwa kimoja. Huyu binti naye afundishwe."

Wageni walipoondoka, nilimkuta Dativa chumbani kwake anakunja nguo. Begi lilikuwa wazi kitandani.

"Unafanya nini?"

"Si umesema kesho, Baba."

"Wacha. Huendi popote."

"Sawa, Baba."

Nilisimama mlangoni. Neno "nisamehe" lilifika kooni, nikalimeza. Mzee mzima, mvi mpaka kwenye nyusi, nashindwa kutamka neno ambalo wajukuu zangu wa chekechea wanalitamka kutwa mara kumi. Nikageuka, nikaenda zangu kuswali.

Kioo kipya kilikuja baada ya wiki. Bakhita alimfundisha Dativa mbele yangu. Dativa alinunua daftari la shule. Kila siku aliandika tarehe, saa ya kufungua na saa ya kufunga. Aliandika pia hali ya anga: safi, vumbi, au wingu. Aliandika nani amekishika kisanduku. Juu ya kifuniko akabandika karatasi yenye maandishi makubwa: USIFUTE. PULIZA TU.

Alikuwa na jicho kali kuliko langu. Siku moja nilisema anga ni safi.

"Baba, tazama upande wa milimani," alisema. "Kuna wingu jembamba kama uzi. Linakuja jua lilipo."

Sikuliona. Nusu saa baadaye namba zikaanza kuyumba, na daftari la Dativa tayari lilikuwa na sababu. Bila daftari lile watu wa kituo wangedhani kifaa kimeharibika tena.

Miezi mitatu ilipotimia, Bakhita akaja na karatasi. Siku zote za anga safi satelaiti ilipopita karibu, namba za juu na za chini zilikuwa zimepishana kwa chini ya chembe moja katika milioni.

"Kifaa kinabaki Mabela," alisema. "Na Bwana Hamood anaomba nakala ya daftari. Anataka vituo vingine viandike kama Dativa."

Nasriya alipiga kigelegele pale pale juu ya paa. Dativa alicheka mpaka akaona haya. Hata mimi nilicheka. Nilidhani yamekwisha, na kwamba kazi nzuri imefuta neno baya.

Mwezi wa Agosti mkataba wake ulikuwa unamalizika. Nilimwita sebuleni, Nasriya akiwepo.

"Dativa, tunataka uendelee. Kazi ya juu itakuwa yako, na siku ya mapumziko tutakuongezea."

"Ahsante, Baba. Lakini nakwenda nyumbani."

"Kazi imekushinda?"

"Hapana, Baba."

"Mama kakuudhi?"

"Mama hana neno."

Basi aliyebaki ni mmoja. Nikamwambia aseme, asiogope. Alisema kwa sauti ndogo.

"Baba, nilipouliza mara ya kwanza, uliniambia hayanihusu. Nilipokosea kwa kutojua, ukaniita mjinga mbele ya wageni. Ile kazi ya kisanduku nimeipenda, kwa kweli nimeipenda. Lakini kila nikifungua kile kifuniko nalisikia lile neno."

"Nisamehe, Dativa. Nilikukosea. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo."

"Nilishakusamehe zamani, Baba." Alifuta macho. "Ila wewe umechelewa kuomba. Nimeshamwambia mwanangu nakuja."

Watu husema majuto ni mjukuu. Wajukuu ninao saba, wote nawapenda. Huyu wa nane anakaa nami mchana kutwa na simpendi. Siku ya safari nilimbebea begi mwenyewe mpaka ndani ya uwanja wa ndege. Nasriya alilia. Dativa alinishika mkono kwa heshima, kama alivyokuwa akifanya siku zote, akaingia bila kugeuka nyuma.

Bado anamtumia ujumbe Nasriya, siyo mimi. Amemwambia kwamba mwalimu wa mwanawe alimwomba aende darasani kuwaeleza watoto namna satelaiti inavyopima hewa. Alikwenda na kopo la sukari.

Mwezi wa Septemba akaja Belinda, mfanyakazi mpya, kutoka Kenya. Kabla hajaoneshwa jiko, nilimpandisha juu. Nikamfungulia kifuniko. Nikamweleza jua, rangi, gesi, satelaiti, na kioo kisichofutwa. Nikamwambia aulize lolote. Aliuliza mengi. Mengine yalinishinda, tukampigia Bakhita.

Tuliposhuka nilitazama saa. Pamoja na maswali yote, tulikuwa tumetumia dakika arobaini. Dativa alikaa kwangu miaka miwili, na siku aliyoniuliza sikumpa hata moja.